Kujichukulia sampuli ya kipimo cha HPV: kukubalika kwake kuna maana gani?

Kujichukulia sampuli ni pale mwanamke mwenyewe anapochukua majimaji ya ukeni, badala ya kuchukuliwa na muuguzi au daktari, ili yapimwe kama yana virusi vya HPV. Aina mbili tu za virusi hivyo, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Kifaa chenyewe ni kijiti chenye pamba au brashi laini kwenye ncha. Mwanamke ananawa mikono, anachuchumaa au anaweka mguu mmoja juu ya kigoda, anaingiza kijiti taratibu, anakizungusha kwa sekunde kadhaa, kisha anakitia kwenye kichupa chake. Basi. Hakuna kupanda kitandani na kupanua miguu mbele ya mtu usiyemjua, wala kile chuma cha kupanulia uke ambacho kimewafanya wengi waahirishe kupima mwaka hadi mwaka.

Wengi huuliza: mlango wa kizazi si uko ndani kabisa, nitaufikiaje? Huna haja ya kuufikia. Kinachotafutwa ni vinasaba vya virusi, navyo hupatikana hata kwenye majimaji ya ukeni. Kwa kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki ili sehemu zenye mabadiliko zigeuke nyeupe, ni jambo jingine, kwa sababu hapo mhudumu lazima auone mlango wenyewe kwa macho. Maabara ikitumia mashine za PCR, zinazozidisha vinasaba vichache hadi viweze kugundulika, sampuli ya mama aliyejichukulia inakaribia kabisa ile ya mtaalamu kwa usahihi.

Sasa, kukubalika. Watafiti hupima jambo hili kwa maswali mepesi: uliumia? Uliona aibu? Ungerudia? Ungemshauri dada yako? Majibu hayatofautiani sana kutoka nchi hadi nchi, Kenya na Uganda zikiwemo: wengi husema ni rahisi, na kwamba wamesitirika. Lakini ukikaa nao kidogo, mashaka yanaanza kutoka. “Sijui kama nimeingiza vya kutosha.” Wapo wanaohofia kijiti kukatikia ndani, na wapo wanaosema heri daktari, yeye kasomea. Kwangu huo si ukaidi. Mtu aliyekatazwa tangu usichana kujigusa au hata kuutaja mwili wake, leo anakabidhiwa kijiti na kuambiwa ajihudumie, lazima asite. Mhudumu wa afya ya jamii akimwonyesha picha na kumweleza kwa lugha ya nyumbani, kusita huko hupungua sana.

Kuna mume pia. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo majibu chanya yanaweza kuzua maneno ndani ya nyumba. Ni vizuri ielezwe kabla ya kupima: virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na majibu hayawezi kusema nani alimwambukiza nani wala lini. Wala chanya si saratani. Maambukizi mengi huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili hivi.

Hapa ndipo ninapoona neno “wamekubali” linatumika kwa haraka mno. Katika utafiti uliofanyika Migori, Kenya, kujichukulia sampuli kwenye kampeni za kijijini kuliwafikia wanawake wengi kuliko kuwasubiri kituoni, lakini wengi waliokutwa na virusi hawakufika kutibiwa. Nauli na umbali wa kituo kinachotoa tiba havimo kwenye lile dodoso la “ulipendaje kijiti”. Mwanamke anaweza kukipenda kijiti na bado asipate huduma iliyokusudiwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa wanaoishi na VVU ni kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Sampuli ya kujichukulia inakubalika katika mpango huo.

Ila mwenye dalili asiishie kwenye kijiti. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu usiokwisha, anahitaji kuchunguzwa na mtaalamu kwa macho, hata kama majibu ya HPV ni hasi.