Tenari Ndani ya Tenari: Dhana Potofu na Ukweli

Opereta tenari, alama ya lugha za programu inayochagua thamani moja kati ya mbili, ina sehemu tatu: sharti linalofuatwa na kiulizo, thamani itakayochukuliwa sharti likiwa kweli, na baada ya nukta mbili, thamani itakayochukuliwa sharti lisipotimia. Mzozo huanza pale moja ya thamani hizo inapokuwa tenari nyingine. Wapo wanaoisifu mbinu hiyo kwa ufupi wake, na wapo wanaoipiga marufuku bila kuitazama. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinapima kisichostahili kupimwa, kwa kuwa kinachoamua iwapo msimbo utasomeka ni mahali tenari ya ndani ilipowekwa.

Dhana: Tenari zote zilizopachikwa ni ovu kwa kiwango kimoja.

Ukweli ni kwamba kuna maumbo mawili, nayo hayafanani hata kidogo. Umbo la kwanza huweka tenari inayofuata upande wa mwisho, yaani pale sharti linaposhindwa:

`maksi >= 80 ? "A" : maksi >= 60 ? "B" : "C"`

Msomaji huupitia mstari huu kutoka kushoto kwenda kulia bila kukumbuka lolote lililopita: sharti la kwanza likitimia, jibu limepatikana; lisipotimia, anaendelea mbele. Huu ni mnyororo wa `if` na `else if` ulioandikwa kama usemi mmoja (yaani kipande cha msimbo kinachotoa thamani), na kila sharti likiwekwa kwenye mstari wake husomeka kama jedwali.

Umbo la pili huipachika tenari katikati:

`amelipa ? amethibitisha ? "tayari" : "subiri" : "hajalipa"`

Hapa msomaji hulazimika kulibeba sharti la kwanza kichwani huku akilishughulikia la pili, kisha ahesabu nukta mbili ili ajue ipi ni ya kiulizo kipi. Likiongezwa sharti la tatu katikati, hata mwandishi mwenyewe huanza kufuatisha kwa kidole kwenye skrini. Tiba yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, maana inatosha kukanusha masharti kwa alama `!` ili hali za kushindwa zitangulie:

`!amelipa ? "hajalipa" : !amethibitisha ? "subiri" : "tayari"`

Majibu ni yale yale kwa kila hali, lakini sasa umbo limekuwa la kwanza. Kanuni ya ESLint (zana ya kukagua msimbo wa JavaScript) iitwayo `no-nested-ternary` hukataa maumbo yote mawili bila kuyatofautisha. Timu ina haki ya kuiwasha, ila ifahamu kwamba inazuia pia mnyororo ulio wazi. Prettier, zana ya kupanga msimbo, kwa upande wake, katika toleo la 3.1 la mwaka 2023 ilirudisha ujongezaji wa mistari (kuisogeza ndani kwa nafasi) kwenye tenari zilizopachikwa, kwa sababu mnyororo uliopangwa bila ujongezaji ulikuwa mgumu kufuatilia.

Dhana: Mnyororo wa tenari husomwa kwa namna moja katika kila lugha.

Hili ndilo kosa lenye madhara makubwa zaidi. Katika C, Java, C# na JavaScript, opereta hii hujumuisha kutoka kulia, yaani tenari ya kulia huchukuliwa kuwa sehemu ya ile ya kushoto, na ndiyo maana mnyororo wa maksi ulioonyeshwa hapo juu hufanya kazi kama unavyosomeka. PHP, kwa miaka mingi, ilijumuisha kutoka kushoto. Mfano ule ukiandikwa kwa PHP ya zamani bila mabano, huchukuliwa hivi:

`($maksi >= 80 ? "A" : $maksi >= 60) ? "B" : "C"`

Mwanafunzi mwenye maksi 85 hupata "A" ndani ya mabano. Lakini "A" ni matini isiyo tupu, kwa hiyo PHP huihesabu kuwa kweli, na jibu la mwisho linakuwa "B". Hakuna maksi yoyote inayoweza kutoa "A", wala programu haisimami kulalamika. PHP 7.4, iliyotoka mwaka 2019, ilianza kutoa onyo kwa mnyororo wa aina hii usio na mabano, na PHP 8.0 ya mwaka 2020 ikaufanya kuwa kosa linalozuia programu kuendeshwa. Anayehamisha msimbo wa zamani asiishie kuongeza mabano ili kosa linyamaze. Aamue kwanza ni jibu lipi lililokusudiwa.

Go haina opereta hii kabisa. Python nayo huweka thamani kabla ya sharti, tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006: `"A" if maksi >= 80 else "B" if maksi >= 60 else "C"`.

Dhana: Mabano ni pambo tu.

Tenari ina kipaumbele cha chini kuliko kujumlisha na kulinganisha. Katika JavaScript, `"Daraja: " + maksi >= 60 ? "B" : "C"` huunganisha kwanza matini na maksi, kisha hulinganisha matini hiyo yote na 60. Kwa kuwa haiwezi kugeuzwa kuwa namba, ulinganisho hushindwa daima na kila mtu hupata "C", tena bila neno "Daraja". Tenari nzima ikizungushiwa mabano, tatizo linakwisha.

Dhana: Mpangilio wa masharti haujalishi.

Unajalisha sana. Ukitanguliza `maksi >= 60` kabla ya `maksi >= 80`, sharti la pili halitafikiwa kamwe na yeyote anayelistahili. Sharti lililo finyu zaidi litangulie.

Dhana: Pande zote mbili hukokotolewa, kisha moja huchaguliwa.

Hapana. Upande uliochaguliwa pekee ndio unaokokotolewa, na ndiyo maana `x != 0 ? y / x : 0` ni salama. Hata hivyo, katika lugha zinazokagua aina za data kabla ya programu kuendeshwa, aina ya data ya jibu mara nyingi huamuliwa kwa kuzitazama pande zote mbili, na Java ina mtego hapo: `Integer jibu = ipo ? akiba : 0`, ambapo `akiba` ni `Integer` yenye `null` (yaani isiyo na thamani), huanguka kwa kosa la `NullPointerException` pale `ipo` inapokuwa kweli, kwa sababu ile sifuri ya upande wa pili huilazimisha `akiba` igeuzwe kuwa `int`, aina ya namba isiyoweza kuwa `null`.

Dhana: Tenari ina kasi kuliko `if`.

Kwa uchaguzi mwepesi wa thamani, kompaila za kisasa (programu zinazogeuza msimbo kuwa maelekezo ya kompyuta) kwa kawaida huzalisha maelekezo yale yale kwa maandishi yote mawili.

Dhana: Chochote kiandikwacho kwa `if` chafaa kugeuzwa tenari.

Tenari ipo ili itoe thamani. Matawi yanapotakiwa kutenda jambo, kama kuandika kwenye faili au kutuma ujumbe, `if` ndiyo mahali pake. Na pale masharti yote yanapolinganisha kigeu kimoja na thamani mahususi, lugha nyingi sasa zina njia iliyo wazi zaidi: usemi wa `switch` katika C# 8.0 na Java 14, au `match` katika PHP 8.0. JavaScript bado haina usemi wa namna hiyo, na hapo mnyororo ulionyooka, au fanksheni ndogo yenye `return` kwa kila sharti, hubaki kuwa chaguo la busara.