Sintetiki au oili ya kawaida? Kwanza niambie tapeti zako

Katika kazi yangu ya kufufua injini za zamani, swali ninaloulizwa kila mara ni hili: niweke sintetiki (oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali) au oili ya kawaida? Nami huuliza: tapeti za injini yako, yaani vipande vya chuma vinavyosukumwa na kamshafti ili vali zifunguke, ni za aina gani? Wengi hawajui, kwa hiyo huwatolea tapeti moja ninayoihifadhi kwenye droo ya meza ya kazi.

Ni tapeti bapa kutoka injini ya miaka ya 1960. Ikiwa mpya, uso wake unaogusana na kamshafti huwa na mbinuko mdogo ambao jicho halioni. Ukilaza ukingo wa rula juu yake mbele ya taa ndipo unaugundua. Mbinuko huo, pamoja na mshazari kidogo wa kamu (tuta la kamshafti linaloinua tapeti), huifanya tapeti izunguke kila inapoinuliwa, isiliwe mahali pamoja. Hii ya kwangu imebonyea katikati kama kijiko. Kamu iliyokuwa chini yake ililika hadi vali ikawa haifunguki sawasawa. Mwenye gari hakuwa mzembe: alikuwa akimwaga oili kwa wakati, na ananunua sintetiki ya bei ya juu. Ila ilikuwa oili nyepesi, iliyotengenezwa kwa injini za siku hizi ambazo kamu zake kwa kawaida hazikwaruzani na tapeti bapa.

Pale kamu inapokutana na tapeti bapa, mgandamizo ni mkubwa kiasi kwamba utando wa oili peke yake hauwezi kuvitenganisha vyuma. Kinachookoa ni kiungo cha zinki na fosforasi kiitwacho ZDDP. Kwa joto la msuguano, kiungo hicho hujenga tabaka jembamba juu ya chuma, na tabaka hilo ndilo linaloliwa badala ya chuma chenyewe. Kwa bahati mbaya fosforasi hiyohiyo huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi za magari mapya, ndiyo maana viwango vya API, taasisi ya petroli ya Marekani, vimekuwa vikiibana. Tangu daraja la SM la mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.08 ya fosforasi. Oili nzito kama 20W-50 haziguswi na kikomo hicho.

Kwa hiyo neno "sintetiki" kwenye galoni halikwambii lolote kuhusu zinki. Kuna sintetiki zenye zinki tele, na kuna oili za kawaida zisizokuwa nayo ya kutosha. Tafuta karatasi ya maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji. Kwa tapeti bapa mimi hutaka fosforasi isipungue asilimia 0.10. Na tafadhali, usimimine chupa ya dawa ya zinki kwa kukisia; oili huchanganywa kwa vipimo, na ukizidisha kitu kimoja unavuruga vingine.

Kuhusu kuvuja, sifa mbaya ya sintetiki ina chanzo chake. Sintetiki ya Mobil 1 ilipoingia sokoni miaka ya 1970, oili za aina ile zilikuwa na tabia ya kusinyaza baadhi ya sili, vizuizi vinavyozuia oili isivuje. Watengenezaji walishalirekebisha hilo kwa kuongeza esta, viungo vinavyozivimbisha sili kidogo. Hata hivyo mwaka mmoja niliitoa injini kuukuu kwenye 20W-50 ya kawaida nikaitia sintetiki nyepesi, na baada ya wiki mbili kulikuwa na doa chini, usawa wa sili ya nyuma ya krankishafti. Sili ile ilikuwa ya kamba, imechoka siku nyingi. Masizi na uzito wa oili ndivyo vilivyokuwa vimeiziba. Oili haikuitoboa, iliifichua tu. Lakini mwenye gari aliyelala bila doa na kuamka nalo haoni tofauti, na namwelewa.

Sintetiki ninaipenda sana kwenye Mini za awali, ambazo giaboksi imo ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini) na hutumia oili moja na injini. Meno ya gia hukatakata polima zinazoipa oili uzito wake ikiwa moto, na baada ya muda 20W-50 huwa nyepesi. Sintetiki nzuri haizitegemei polima hizo kwa kiasi kikubwa, hivyo inadumu.

Kinyume chake ni Volkswagen Beetle yenye injini ya kupozwa kwa hewa: lita 2.5 za oili, hakuna filta, kuna wavu tu. Uchafu unabaki ndani mpaka uumwage. Hapo oili ya kawaida inayobadilishwa mapema inanitosha kabisa. Vivyo hivyo kwa gari linalotembea kilomita 1,000 kwa mwaka: unyevu na asidi huichakaza oili ikiwa imekaa tu, basi imwage kila mwaka hata kama inaonekana safi. Injini iliyotoka kufungwa ringi mpya za pistoni nayo naianzia na oili ya kawaida, ringi zikae vizuri kwanza.

Kabla hujanunua chochote, kama injini yako ina fito za kusukuma vali zinazokaa juu ya tapeti, fungua kifuniko cha juu, toa plagi, uizungushe injini kwa mkono polepole. Kila fito inapaswa kujizungusha kidogo inapopanda. Ukiona moja imesimama tuli, usiendelee kufikiria oili. Itoe tapeti yake uitazame uso.