Ngano kuchipua shukeni: mvua peke yake haitoshi

Ukikata boflo likanata kwenye kisu, hapa Unguja utasikia: "Ngano ile ilinyeshewa." Ni nusu ya kweli. Mvua hubisha hodi tu. Punje ndiyo inayoamua kuamka. Ngano mbivu ina usingizi wake, yaani hukawia kuota hata ikilowa, na uzito wa usingizi huo hurithiwa kwa jeni nyingi. Mojawapo, TaPHS1, iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) iitwayo 3A. Ikiwa dhaifu, punje huota ingali shukeni, vimeng'enya hukatakata wanga, na unga hutoa mkate wa ute. Wengine huapa kwamba ngano nyekundu haichipui kabisa. Si hivyo, aghalabu hulala fofofo zaidi, basi. Mpunga nao, mnaoulima Cheju hapa Unguja, una usingizi wa kurithi: humo inahusika jeni Sdr4.