Moshi Mzito Si Dalili ya Dawa Kutoka

Baadhi ya watumiaji wa vifaa vya mezani vya umeme vya kufukizia majani makavu ya mkaratusi hapa Mwanza huamini kwamba moshi ukiwa mzito ndipo dawa imetoka. Imani hiyo ni potofu, tena inaumiza mapafu. Kifaa hiki hakikuundwa kuunguza. Hupitisha hewa ya moto katikati ya majani ili mafuta yake yageuke mvuke, na sineoli, iliyo kiini cha harufu ya mkaratusi, huchemka kwenye nyuzi 176 hivi za Selsiasi. Joto likizidi sana, majani huungua, nawe unavuta lami na monoksidi ya kaboni kama mvuta sigara. Fikiria sufuria ya nyungu: kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na bado harufu hujaa chumba kizima.

Chagua, basi, kifaa ambacho joto lake hurekebishika, chenye njia ya hewa ya kioo, na kinachopokea volti 230, kwani vingi vya soko la Marekani hutaka volti 120. Chujio lisuguliwe kwa brashi kila baada ya matumizi. Kioo kisafishwe kwa spiriti kifaa kikiwa kimechomolewa na kupoa, kisha kikauke kabisa. Majani yafungiwe chupani, maana unyevunyevu huleta ukungu. Mwenye pumu amwone daktari kwanza.