Farasi kijana: anayeitwa mkaidi huenda anaogopa, anaumwa au ameshiba mahindi

"Akisimama kimya, ametulia." Hapa ndipo wengi wanapoangushwa. Farasi wa miaka 3 anayesimama kama nguzo wakati wa kufungwa tandiko huenda ameganda kwa woga. Mtazame: mdomo umekazwa, jicho halipepesi, mkia umebanwa. Ukimpanda hivyo, hatua ya tatu au ya nne anaruka nawe juu. Legeza mkanda, mtembeze mzunguko mmoja, ngojea ashushe shingo na kutafunatafuna bila kitu mdomoni. Ndipo ukaze, tundu moja tu, kisha mtembeze tena. Aliyetulia kweli hupepesa macho na kupumzisha mguu mmoja wa nyuma.

"Mwoga azoeshwe kwa nguvu." Chukua mfano wa baiskeli za magunia ya makala zinazoingia Lubumbashi. Kuna wanaomfunga farasi kwenye mwembe na kuzipitisha mbele yake mpaka achoke. Anachojifunza ni kwamba hana pa kukimbilia, na akivuta kamba kwa hofu ataumia shingo. Anzia pale masikio yanapoelekea kwenye baiskeli huku miguu bado imetulia, hata ikiwa ni mita 20. Kisha baiskeli iende mbele, yeye aifuate: kitu kinachomkimbia hakimtishi sana. Kesho punguza mita chache.

"Mvivu dawa yake visigino." Ukimpiga kila hatua anazoea, mwisho hasikii tena. Mbane mbavu kidogo kwa miguu yako, hesabu moja, mbili, asipoitika ongeza. Anapoanza kwenda, acha papo hapo. Kule kuacha ndiko kunakomfundisha, na ukichelewa anafungamanisha na jambo jingine. Dakika 15 hadi 20 zinamtosha. Mwepesi wa kuelewa, akifanya vizuri mara mbili mbadilishie zoezi, la sivyo atajitungia lake.

"Ukali ni wa damu." Kabla ya kulaumu damu, angalia ndoo. Mahindi ni mazuri kwa bukari yetu, lakini mengi mno kwa farasi asiye na kazi humpandisha moto. Punguza nafaka, ongeza majani: farasi wa kilo 400 ahitaji walau kilo 6 za majani makavu kwa siku. Mahindi yenye ukungu usimpe hata konzi moja. Sumu yake huharibu ubongo. Halafu mdomo. Kati ya miaka 2 na nusu na 4 na nusu meno yanabadilika, na anayerusha kichwa kila ukivuta hatamu upande uleule huenda ana gego la utoto lililokwama. Aangaliwe na daktari wa mifugo kabla ya kubadilishiwa lijamu (chuma cha mdomoni) kuwa kali zaidi.

"Akishakuwa mrefu, apandwe." Uti wa mgongo hukomaa mwisho, karibu miaka 5 na nusu au 6. Kabla ya hapo: mpandaji mwepesi, njia iliyonyooka, na ukimzungusha kwa kamba, duara lisipungue mita 15 kwa kipenyo.