Dracula ni ya Wote, Filamu Zake Zina Wenyewe

Wachapishaji na vikundi vya maigizo wanaotaka kuileta Dracula, riwaya ya Kiingereza ya mnyonya damu, kwa Kiswahili wanazidi kuja kwenye ofisi yetu ya hakimiliki na swali moja: kibali tukiombe kwa nani?

Bram Stoker aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1897, akafariki 1912. Sheria yetu ya hakimiliki hulinda maandishi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ulinzi ulikoma mwishoni mwa 1962. Hakuna ada wala kibali. Barua ya ruhusa mnayoiomba hatuitoi, kwa kuwa hakuna mwenye haki wa kumwomba.

Tatizo huanzia kwenye miswada. Inaletwa kwa jina la Stoker, ndani yake mnyonya damu anateketea kwa jua. Kwa Stoker, Dracula anatembea London mchana kweupe, ila nguvu zake hupungua. Kufa kwa jua kulitoka kwenye Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya 1922. Joho lenye kola ndefu lilitoka jukwaani. Tena kitabuni Dracula anauawa kwa visu viwili, si kwa kigingi. Tafadhali someni kitabu chenyewe kwanza. Ukinakili mazungumzo, muziki au picha za filamu ya karibuni, umegusa kazi yenye mwenyewe, na vivyo hivyo kwa tafsiri mpya na michoro ya jalada.

Nosferatu yenyewe ilitengenezwa bila idhini wakati haki zikiwa hai. Mjane wa Stoker, Florence, alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe; chache zikaponea. Hapa nchini pia nakala haramu hukamatwa na kuharibiwa, na mkosaji hukabiliwa na fidia, faini, kifungo au vyote kwa pamoja. Idhini iwe ya maandishi, isainiwe na mwenye haki, itaje kazi, matumizi, muda na eneo. Idhini ya jukwaani haihusu kurekodi. Idhini ya kurekodi haihusu kurusha mtandaoni. Stoker mwenyewe aliandaa usomaji wa jukwaani wa hadithi yake katika ukumbi wa Lyceum, London, tarehe 18 Mei 1897, siku chache kabla kitabu hakijatoka, ili alinde haki za maigizo.

Kwa maoni yangu, kitabu hiki kinastahili juhudi zenu. Kimejengwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti. Kila mhusika anajua kidogo tu, hadi Mina, mmoja wao, anapoyapiga chapa yote na kuyapanga kwa tarehe. Msomaji huiona hatari kabla yao. Dracula hana shajara. Tunamfahamu kupitia hofu ya wengine, ndiyo maana kila kizazi kimeweza kumwekea hofu yake.

Tafsiri utakayoifanya ni mali yako, na warithi wako watailinda kwa miaka 50 baada yako. Unapokuja kuisajili, leta nakala ya toleo la Kiingereza ulilolitumia.