Siku tatu juu ya mwamba: amua mapema mshipi wako wa kuvulia utakatikia wapi

Mtu anayekodi boti kwenda kuvua siku tatu au nne kwenye miamba ya Mafia, Songosongo au Fungu Kizimkazi mara nyingi hujiandaa kama anayekwenda kupigana na samaki. Hununua fimbo ya bei mbaya, rili inayong'aa na ndoana kubwa kuliko zote dukani. Akishafika, mpinzani wake wa kwanza ni mwamba. Matumbawe yana makali, yana mashimo, na chewa akishaguswa na ndoana hakimbilii bahari kuu. Anarudi pangoni kwake na kutanua mapezi. Ukifika jioni ya siku ya kwanza umeshaacha chini chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi) na ndoana kadhaa, na huko hakuna duka.

Ndiyo maana sisi wa upande wa uvuvi, tukiulizwa mshipi gani una nguvu zaidi, huwa tunarudisha swali: huo mshipi ukinasa, umepanga ukatikie wapi? Asiyepanga, mwamba utampangia. Mara nyingi utakatika juu karibu na boti, na mita 30 au 40 za nailoni zitabaki zimejizungusha kwenye matumbawe. Uzi huo hauozi kwa miaka mingi mno. Utanasa kasa, utanasa kamba ya nanga ya mwenzako, na utakwangua matumbawe kila maji yanapovuta.

Mpango wenyewe ni mwepesi na unafanyika nyumbani, juu ya meza. Mshipi mkuu uwe ndio wenye nguvu kuliko vyote. Vishipi vifupi vinavyobeba ndoana viwe pungufu kidogo. Uzi unaoshika chubwi ndio uwe dhaifu kuliko vyote, hata nusu ya nguvu ya mshipi mkuu. Chubwi iko chini kabisa, kwa hiyo ndiyo inayonasa mara nyingi. Ikinasa, unavuta, ule uzi dhaifu unakatika, na ndoana zako zinarudi, pengine na samaki juu yake. Umepoteza kipande cha risasi, basi.

Kwa changu kwenye kina cha mita 20 hadi 30, mshipi wa kilo 20 hadi 25 unatosha. Ukilenga chewa wakubwa na kolekole, kipande cha mwisho kinachokaa karibu na ndoana kiwe cha kilo 40 hadi 60. Hapo hatutafuti nguvu ya kuvuta tu. Uzi mnene unavumilia kukwaruzwa. Nyuzi nyingi zinazouzwa zimeandikwa ratili, yaani lb. Gawanya kwa 2.2 upate kilo. Nyuzi za kusuka ni nyembamba, hazinyumbuki, na unahisi samaki akigusa chambo hata kwenye kina kirefu. Lakini zikigusa jiwe zinakatika mara moja, kwa hiyo usizifikishe chini. Ziunganishe na mita mbili au tatu za nailoni nene. Zinakata na vidole pia. Anayevua kwa mkono avae glavu au avike vidole vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na asizungushe mshipi kiganjani hata mara moja, maana kolekole wa kilo 15 haombi ruhusa.

Nguru na mzia wana meno ya kukata nailoni kama mkasi. Ukitaka kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti, njiani mnapohama kutoka mwamba mmoja kwenda mwingine, weka waya wa nusu mita mbele ya ndoana. Kwa samaki wa chini acha waya, changu anauona na kususa.

Ndoana zinawachanganya wengi kwa sababu ya namba zake. Namba 6 ni ndogo kuliko namba 4, ila 6/0 ni kubwa kuliko 4/0. Ukituma mtu dukani, mwandikie na hiyo sifuri. Kwa changu beba 1/0 hadi 4/0, kwa chewa 6/0 hadi 8/0. Tunapendekeza ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Hizi hazitaki kushtua mshipi kwa nguvu samaki anapokula; kaza polepole, mwache ageuke aondoke, ndoana itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Samaki aliyeshikwa mdomoni anaweza kurudishwa akaishi, aliyeimeza mpaka tumboni hana maisha marefu. Na ziwe za chuma cha kawaida, si chuma kisichoshika kutu. Samaki akikatika na ndoana mdomoni, kutu itaimaliza.

Sasa mafundo, ambako ndiko samaki wengi hupotelea. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe mara tano kwenye uzi mkuu. Kama nailoni ni nene kupita milimita 0.8, mara tatu au nne zinatosha. Rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki pale karibu kabisa na tundu. Hapo, kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate. Nailoni ikisuguana kikavu inapata joto, joto linaila nguvu, na kwa macho hutaona chochote zaidi ya weupe kidogo kwenye mzunguko wa kwanza. Ukiuona weupe huo, kata ufunge upya. Kaza taratibu mpaka mizunguko ilale sambamba bila kupandana, acha mkia wa milimita tatu, kisha tundika ndoana kwenye msumari, zungushia kitambaa mkononi na uvute kwa uzito wako. Fundo likiachia, heri liachie ukutani kwako.

Fanya hivyo kwa seti nzima. Seti moja ni kipande cha kama mita moja na nusu: chubwi chini, vishipi viwili vya ndoana vya sentimita 25 hivi juu yake, na umbali kati ya kishipi na kishipi uzidi urefu wa vishipi vyenyewe, la sivyo vitasukana vikishuka. Juu kabisa weka swiveli, kile kipini kinachozunguka, ili chambo kikizunguka kisiunyonge mshipi. Kwa safari ya siku tatu, seti 20 kwa kila mvuvi si nyingi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 2019, na hata ingeruhusiwa ingekuwa chombo kibaya kwa kazi hii. Zungusha seti kwenye vibao vya mbao, ndoana uzichome kwenye kandambili kuukuu. Haziliwi na kutu upesi, na hakuna atakayezikalia.

Ukishaanza kuvua, kila baada ya samaki mkubwa pitisha uzi wa mwisho kati ya midomo au vidole. Popote unapohisi ukwaru, kata hapo. Uvivu wa dakika mbili hizo ndio unaowapa watu hadithi za samaki aliyeponyoka.

Uzito wa chubwi hauwezi kuusema bila kujua mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo unaopita kati ya miamba unabeba chubwi ya gramu 200 kama kifuniko cha soda. Utahitaji gramu 400 au 500, na saa nyingi utakuwa unangoja maji yasimame. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, gramu 150 hadi 250 zinafika chini. Ukiweza kuchagua tarehe ya kukodi, chagua maji mafu, na katika mwaka chagua tangambili, kusi inapokwisha au kaskazi inapolegea. Kusi ya Juni hadi Agosti si ya kujifunzia.

Barafu ndiyo inayoamua mtakaa siku ngapi, si mafuta wala chakula. Wavuvi wa dago, wanaohama na vyombo vyao na kupiga kambi visiwani kwa majuma, wanalijua hili vizuri kuliko sisi wa ofisini. Kwa joto letu, hesabu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na uongeze kwa siku za ziada. Barafu ya magogo huyeyuka polepole kuliko iliyopondwa, kwa hiyo panda na magogo, uponde kidogo kidogo. Poza sanduku usiku wa kuamkia safari; sanduku lililoshinda juani litakula barafu yako kabla hamjatoka bandarini. Samaki akifika botini mtoe damu, matumbo na mashavu ya kupumulia, mzike kwenye barafu, na maji yanayoyeyuka yatoke kila asubuhi. Jodari, nguru na vibua vikikaa na joto vinatengeneza histamini, sumu inayowasha ngozi na kuumiza kichwa, na hakuna moto wa kupikia unaoiondoa. Bunju, samaki mwenye sumu, usimpe barafu yako kabisa. Chambo, yaani ngisi na vibua, kiwe na sanduku lake.

Kuna kifaa kimoja ambacho karibu hakuna anayekibeba. Samaki akivutwa haraka kutoka kina kinachozidi mita 20, hewa iliyo kwenye kibofu chake inatanuka. Macho yanatoka, tumbo linajitokeza mdomoni kama puto, na ukimrudisha majini anaelea kichwa chini mpaka ndege wamwone. Watu humtoboa lile puto wakidhani wanamsaidia. Lile ni tumbo lake, na kidonda hicho humuua. Chukua ndoana kubwa, bonyeza kwa koleo ule mwiba unaorudi nyuma karibu na ncha, funga chubwi ya kilo moja na nusu au mbili upande wa tundu la uzi, na kamba upande ule ndoana ilipopinda. Ichomeke kwenye taya la chini, mshushe taratibu karibu na chini, kisha shtua kamba. Shinikizo la maji linairudisha hewa mahali pake na samaki anaondoka mwenyewe. Inafaa hasa kwa chewa: wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakua, kwa hiyo mwamba uliovuliwa wakubwa wote unaweza kubaki na majike bila madume.

Usalama tuuseme kwa ufupi, ingawa ndio usio na mjadala. Jaketi okozi moja kwa kila mtu, iliyojaribiwa mwilini. Redio ya VHF inayofanya kazi, na kila aliyemo ajue chaneli 16, ya dharura, kwani ukishatoka kwenye mnara simu yako ni tochi. Maji ya kunywa lita nne kwa mtu kwa siku, na siku moja ya akiba. Koleo la kukata ndoana lenye nguvu ya kweli: ndoana ikiingia mkononi na ule mwiba ukazama, usirudishe nyuma, sukuma ncha itokee upande wa pili, kata mwiba, kisha uitoe. Ikiwa imeingia karibu na jicho au shingoni, usiiguse, geuzeni boti. Aliyechomwa na miiba yenye sumu aloweke jeraha kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasiyounguza, kwa nusu saa au zaidi. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo.

Nanga itupwe mchangani, si juu ya matumbawe. Nahodha mzuri atatafuta kiraka cheupe cha mchanga pembeni mwa mwamba na kuacha boti iangukie upande wa samaki.

Mwisho ni karatasi, na hapa watu huponzwa na ramani ya kichwani. Leseni ya Tanzania Bara haikufikishi maji ya Zanzibar, kwa kuwa uvuvi ndani ya maji ya kitaifa si jambo la Muungano. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ina eneo la kilomita za mraba 822 lililogawanywa kwa kanda, na katika kanda za msingi hakuna kuvua kwa chombo chochote. Kenya nako, ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilizotangazwa 1968, ndoana haishuki. Usitegemee neno la mwenye boti peke yake. Pita ofisi ya uvuvi ya wilaya au ya hifadhi kabla ya kulipa amana, uoneshwe mipaka ya kanda, uiingize kwenye jipiesi, na risiti ya leseni iwe kwenye chombo kisichopitisha maji ndani ya boti, si nyumbani.